Hita za Maji ya Moto: Bomba Lipi, Viungio Vipi?

Katika nyumba nyingi za kaskazini-mashariki mwa Marekani, ikiwemo hii ninayoishi Maine, boila hupasha maji hadi kufikia nyuzi 180 za Fahrenheit, kisha pampu huyazungusha ndani ya hita ndefu zilizolazwa karibu na sakafu, kandokando ya kuta, ili kupasha vyumba joto. Ndani ya hita hizo hamna maajabu: ni bomba la shaba lililovishwa mapezi ya alumini, yaani vibati vyembamba vya kusambaza joto.

Anayetaka kubadili mabomba huanza kuuliza bei, ilhali kinachopaswa kutangulia ni kiasi cha joto. Kwa nyuzi hizo 180, futi moja ya hita ya kawaida hutoa BTU (kipimo cha joto) 550 hadi 600 kwa saa. Bomba la shaba la robo tatu inchi hubeba takriban BTU 40,000 kwa saa, na la nusu inchi 15,000 hivi. Kwa hiyo mzunguko mmoja wa robo tatu haufai kuzidi futi 65 au 70 za hita, la sivyo chumba cha mwisho kitapata maji yaliyokwisha kupoa.

Kwa shaba, daraja M, yaani bomba lenye ukuta mwembamba na maandishi mekundu, hutosha. PEX, bomba la plastiki linalopindika, ni rahisi kupitisha sakafuni, lakini robo tatu yake ni nyembamba kwa ndani kuliko ya shaba, na viungio vinavyoingia ndani ya bomba huibana zaidi. Jambo nisilokubali kulifanyia ubahili ni utando wa kuzuia oksijeni: PEX ya maji ya kunywa isiyo na utando huo hupitisha hewa kidogo kidogo, nayo huozesha pampu na boila za chuma kwa kutu, hata kama hakuna tone linalovuja.

Tena plastiki hurefuka mno ikipata moto. Futi 50 za shaba zikitoka nyuzi 70 hadi 180 huongezeka zaidi ya nusu inchi. Za PEX hukaribia inchi 6. Ndiyo maana napendelea shaba sehemu yote inayoonekana, kisha kiungio cha kubadilishia kiwe chini ya sakafu, na matundu ya sakafu yawe mapana kuliko bomba ili lisigongegonge usiku.

Kwenye ncha ya kila hita, nunua elbo (kiungio cha kona) yenye koki ndogo ya kutolea hewa. Bei yake haizidi sana ile ya kawaida.