Mama, leo usinikatie kabeji

Nikitoka kazini hupitia kwa mama mboga wetu hapa Migosi, Kisumu. Ukitaka kuona mkono mwepesi, simama kibandani pake kidogo tu. Kabeji kaishika kwa kushoto, kisu kinapita, inaanguka nyembamba kama nywele, naye wala haangalii. Anabishana na mteja kuhusu bei ya nyanya. Leo nikamwambia, "Mama, leo usinikatie." Kisu kikasimama. "Kwani kimekukosea nini, nyathina, mwanangu?"

Hakijanikosea. Nilitaka mboga za karai, zile za Kichina, na kabeji iliyokatwa hivyo ikigusa mafuta ya moto inalegea papo hapo. Mapishi haya yanataka vipande vyenye mwili: kabeji ya upana wa vidole viwili, karoti za mshazari, hoho ndefu ndefu, mishiri (yale maharagwe mabichi ya maganda) nzima.

Husemwa ni chakula cha haraka. Haraka iko motoni tu, dakika tano hivi. Kazi yenyewe ni kukata, maana mafuta yakishapata moto huna nafasi ya kugeuka kutafuta kitunguu saumu. Mimi nakupenda huko kukata. Simu iko chumbani inachajiwa, tangawizi inanukia vidoleni, na maneno ya mkutano wa mchana yanaanza kupungua uzito. Ugali haunipi hiyo nafasi. Ugali ni kusonga na jasho.

Kuku nilimkata vipande vyembamba, nikamchanganya na kijiko cha wanga wa mahindi na sosi ya soya kidogo. Huo wanga ndio unaomfanya abaki laini. Akaingia peke yake, akatoka, ndipo zikafuata karoti na mishiri, kisha hoho, kabeji mwisho. Meko yangu ni ya mtungi wa kilo 6, haina moto wa majiko ya hotelini, kwa hiyo napika kwa mafungu. Ukirundika mboga zote mara moja zinatoa maji, na hapo unachemsha, hukaangi tena. Chumvi sikutia kabisa. Kijiko kikubwa kimoja cha sosi ya soya kina kama gramu 2 za chumvi, na Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku nzima. Watu huimimina tu, halafu wanajisifu wamekula chakula cha afya.

Juu nikanyunyizia simsim ya kukaanga, ile inayotoka upande wa Busia. Kwa simsim, Wachina na watu wa Busia wangeelewana bila mkalimani.

Mdogo wangu akatafuna karoti, akanitazama. "Dada, hii haijaiva." Kwetu mboga isiyolala kwenye sufuria haijaiva. Kwa osuga na saga, mboga zetu chungu za kienyeji, namkubalia, uchungu wake unadai moto mrefu na maziwa. Lakini sukuma na kabeji tunaziua bure, na hata ladha yake wengi hawaijui. Hakunijibu. Akasonga ugali wake, akauchovya kwenye mchuzi wa karai hadi ukaisha, wali akaniachia.

Ijumaa nataka kujaribu omena, yaani dagaa, badala ya kuku: ioshwe kwa maji moto, ikaushwe, ikaangwe mpaka ikakauka vizuri, tangawizi iwe ya kutosha. Wali sitapika. Mdogo wangu ameshasema yeye ndiye wa kusonga ugali.