Senti yenye herufi pacha: angalia unene kwanza

Watu hunitumia picha za senti za Marekani zenye maandishi mawilimawili wakitaka niwatajie bei. Mimi huwaomba kwanza picha nyingine, ya karibu zaidi, taa ikimulika kutoka ubavuni. Herufi kuonekana mbili peke yake hakunisisimui. Ninachotaka kujua ni kama kasoro imo kwenye muhuri wa chuma unaogonga sarafu, au imetokea mashineni.

Ikiwa imo kwenye muhuri, kila sarafu iliyogongwa nao itakuwa nayo. Zamani muhuri ulichongwa kwa kukandamizwa zaidi ya mara moja na chuma chenye picha; mkandamizo wa pili ukienda upande, picha huingia mara mbili. Ndiyo asili ya senti ya Lincoln ya 1955, ambayo tarehe yake haihitaji lenzi. Herufi zake ni nene kuliko kawaida, nakala zote mbili zimeinuka, na kwenye ncha za herufi utaona pengo dogo kama mkia wa mbayuwayu.

Uwili wa mashine ni kinyume. Muhuri uliolegea huteleza ukishagonga, ukasukuma chuma kilichokwisha kuinuka. Herufi humegwa ubavu, ikabaki nyembamba, na pembeni pana ngazi bapa inayong'aa. Hizi zimejaa tele, na thamani yake ni senti moja. Msinichukie.

Senti ya 1969 yenye S, alama ya kiwanda cha San Francisco, ndiyo inayowaponza wengi, kwa kuwa iliyo halisi ni ghali mno na za uwili wa mashine ni nyingi. Hapo nenda moja kwa moja kwenye ile S. Enzi hizo alama ya kiwanda iligongwa kwa mkono kwenye kila muhuri, baada ya picha kukamilika. Kwa hiyo kwenye senti halisi tarehe na maandishi ni pacha, lakini S ni moja. Ukiona S nayo imejirudia upande uleule, rudisha mkebeni.

Muhuri uliochakaa nao huacha kivuli chenye ukungu kuzunguka herufi. Usipoteze muda nacho.

Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 muhuri hukandamizwa mara moja tu, hivyo uwili wa kweli hujitokeza zaidi katikati ya sarafu. Kwa senti ya 2009 ya Lincoln kijana akisoma juu ya gogo, anza na mkono ulioshika kitabu: hesabu vidole.