Nilivyowakusanya wenzangu wa hosteli Berlin kwa mtindo wa kamati ya harusi

Mara ya kwanza niliharibu mwenyewe, simlaumu mtu. Nilikuwa na miezi saba Berlin, nasoma, nakaa hosteli ya wanafunzi ambayo korido yetu moja tu ina watu wa nchi nane, na tulikuwa tunajuana kwa kusalimiana jikoni basi, kila mtu na sufuria yake, akimaliza kupika anaingia chumbani mlango pwaa. Mi mtoto wa Tanga, nimezoea jirani akikaanga samaki mtaa mzima tunajua. Nikaandika kwenye grupu la watsapu, njooni jumapili Tempelhofer Feld kuna nyama ya kuchoma, muda nikaweka 8. Kichwani kwangu ni saa nane mchana bwana, jua la kutosha. Nikabeba jiko na kilo nne za nyama nilizoloweka na tangawizi na ndimu tangu usiku, nikafika, nikakaa. Saa tisa kimya. Saa kumi kimya. Saa kumi na moja nimeshakula mishkaki sita peke yangu na nimewachukia wote, nikafunga virago nikaondoka.

Kumbe wenzangu wamesoma 8 kwa saa za huku, yaani saa mbili, na hapo nao wakagawanyika. Wengi walielewa usiku, wakafika mi nimeshaondoka. Halafu Mjerumani wetu mmoja, huyu hata sijui nimwelezeje, aliamka jumapili akaenda saa mbili ASUBUHI, akasubiri nusu saa akarudi zake kulala, hakunipigia hata simu.

Kwa wasiopajua, hapo Tempelhofer Feld palikuwa uwanja wa ndege. Ulifungwa 2008, mwaka 2010 wakafungulia watu iwe bustani, halafu 2014 serikali ya mji ikataka kujenga pembezoni, wananchi wakapiga kura wakakataa. Kwa hiyo njia za ndege zipo vilevile, watu wanapita na baiskeli tu. Kuchoma nyama ruksa ila sehemu zilizotengwa, na giza likiingia mageti yanafungwa.

Sasa ya pili nikajiuliza, kwetu watu mia tatu wanakujaje harusini na wanabaki mpaka mwisho? Kwa sababu kuna kamati! Ukishapewa cheo huwezi kukacha. Kwa hiyo safari hii sikumwalika mtu kula, nilimpa kila mtu kazi. Mjerumani wa asubuhi nikamfanya katibu, aisee yule kijana alizaliwa kwa ajili hiyo, ndani ya dakika kumi keshafungua jedwali mtandaoni, nani analeta nini, nani hali nini, na muda kauandika 14:00 kwa herufi nyekundu. Mmisri mweka hazina. Dada wa Brazil muziki. Mwindonesia vyombo. Mturuki nikampa moto maana alishaniambia mara tatu kwamba nachoma vibaya.

Jedwali ndo lilinifumbua macho. Kumbe kwenye korido yetu kuna watatu hawali nguruwe, Mhindi hali nyama kabisa, katibu mwenyewe hagusi hata yai, na kuna wawili soseji za nguruwe ndo wanazotaka. Mtu unaishi naye miezi saba hujui anakula nini! Tukachukua majiko matatu, moja la nyama ya halali niliyonunua mtaa wa Sonnenallee jumamosi (jumapili maduka yanafungwa huku usije ukasahau), moja la soseji, moja la mboga na mihogo, na kila jiko na koleo lake, hapo hakukuwa na mjadala.

Muhogo ndo ulikuwa ujanja wangu maana unaliwa na wote. Wa huku unakuja umepakwa nta nje, unamenya, unauchemsha kidogo, unamalizia kwenye mkaa, chumvi, ndimu na pilipili. Nimeuweka tu mbele yao dada wa Brazil akapiga kelele, huu wetu! Mwindonesia naye akasema kwao wanaukaanga tangu enzi za bibi zake. Mi nikabisha ni wa Tanga. Ukweli asili yake ni Amerika ya Kusini, Wareno ndo walituletea Afrika, ila sikukubali mbele za watu.

Kwenye saa kumi mkaa ukatuishia, duka hakuna. Hapo ndo shughuli ikaanza kweli. Jirani yetu alikuwa mzee mmoja wa Kituruki na familia yake, akaona tunapepea majivu, akaja na mfuko mzima, mkewe nyuma na chai kwenye vigilasi vidogo, akamsalimia Mturuki wetu "ne haber". Nikashtuka, haber? Si habari hiyo! Mwindonesia akadakia kwao ni apa kabar, Mhindi akasema khabar, Mmisri akacheka tu akasema wote mmetuibia sisi Waarabu. Kuanzia hapo hakuna aliyegusa simu. Dunia, kitabu, kila mtu anatupia lake. Dada wa Brazil alikuwa amenuna hana chake mpaka nikasema meza na bendera, akaruka, mesa, bandeira! na Mwindonesia anazo zote mbili, meja, bendera. Katibu akabaki mpole, nikamwambia usijali, nyie mlituachia shule na hela, ingawa hela zenyewe mliondoka nazo. Alicheka ila aliona aibu kidogo, na mimi nikaacha aone.

Tulitoka karibu na kufungwa geti, majivu tumemwaga kwenye pipa lake. Mweka hazina alikusanya chupa zote za plastiki, kila moja inarudisha senti 25 dukani, akasema ni mfuko wa mkaa wa safari ijayo. Kurudi hosteli nafungua watsapu, jina la grupu limebadilishwa. Mwindonesia kaandika SAA NANE, na chini yake katibu kaweka kwenye mabano (14:00!!!).