Alipolala Ubavu wa Kushoto

Msimu wa karafuu ulikuwa umekolea. Nilikuwa mwanafunzi wa utabibu, niko mazoezini Pemba, na stetoskopu yangu bado inanukia upya. Mama mmoja akamleta bintiye wa miaka 12 kutoka mashamba ya upande wa Wete. Mtoto akienda kuokota mpeta, karafuu zilizodondoka chini, na wenziwe, akipanda kilima tu pumzi humwishia, hukaa chini akashika kifua. Walikokwenda mwanzo waliambiwa ni pumu, wakapewa dawa ya kuvuta. Haikufaa kitu.

Nikamsikiliza. Mapafu safi. Moyo du-dup, du-dup. Nikaandika: moyo mzima.

Daktari aliyenisimamia, mama mwenye sauti ya chini, alisoma akaniuliza, "Umemlaza ubavu?"

Nikanyamaza. Akazima feni, akafunga dirisha. (Mpaka leo feni naizima kwanza.) "Lala ubavu wa kushoto, mwanangu. Toa pumzi, kisha zuia kidogo." Akageuza stetoskopu upande ule mdogo, wa kikombe, akauegesha pale ncha ya moyo inapogonga, kwa wepesi kabisa. Ukikandamiza, ngozi hukazika na sauti nzito za chini hupotea. Mimi nilitumia upande mpana, tena nilikandamiza.

Akanivisha masikioni. Du. Dup. Halafu katika ule utulivu unaofuata, moyo unapojaa damu na pasitakiwe kusikika kitu, pakapita mkwaruzo mzito, kama ngalawa inayovutwa mchangani, mbali. Kisha du, kwa kishindo. Na tena. Mlango baina ya vyumba viwili vya kushoto ulikuwa umebana, damu inapenya kwa shida.

"Huumwa koo huyu?"

"Koo? Mara kwa mara. Nampa asali na ndimu, linapoa."

"Na viungo?"

"Mwaka juzi magoti yalimvimba. Nikasema ndiyo anakua."

Daktari akakaa kitandani kando ya mtoto, wala hakumlaumu mama. Akamweleza kwamba vijidudu vya koo visipotibiwa, mwili katika kupigana navyo huweza kuidhuru hata milango ya moyo wake wenyewe. Mtoto atahitaji sindano ya penisilini kila wiki 4, kwa miaka mingi, ili isidhurike zaidi. Kwanza lakini aende Unguja akapigwe picha ya moyo.

Nikayakata kwa mstari yale maneno mawili, "moyo mzima", nikaanza kuandika barua ya rufaa. Mama alikuwa anamfunga mtoto mtandio.

"Boti ya kesho," akaniuliza, "huondoka saa ngapi, daktari?"