Nilivyojifunza Kusikia Toni ya Shairi la Kiingereza

Nilimaliza shule ya msingi nikijua Kiingereza cha kuamkiana na kuhesabu tu, kisha nikaingia kidato cha kwanza katika shule ya kata ambako karibu masomo yote yalifundishwa kwa lugha hiyo. Sarufi ndiyo iliyonitesa mwanzo. Kwa kuwa kiambishi -na- hutumika katika "ninajua" sawasawa na katika "ninakwenda", niliandika "I am knowing" badala ya "I know" kwa miezi mingi, na kwa kuwa kwetu watu husema "nimemwona jana", sikuona kosa katika "I have seen him yesterday", ambapo Kiingereza hutaka "I saw him yesterday". Nilianza daftari la makosa: kila sentensi iliyopigwa kalamu nyekundu niliinakili, nikaandika pembeni ni mazoea gani ya Kiswahili yaliyonipeleka huko, kisha nikatunga sentensi tatu mpya kuhusu mambo ya nyumbani.

Kidato cha tatu tulisoma "Eat More", shairi fupi la Joe Corrie, mchimba makaa ya mawe wa Uskoti. Msemaji anaona matangazo yanayohimiza watu wale zaidi matunda, samaki, nyama na mkate, ilhali yeye yuko mwaka wa tatu akiishi kwa posho ya wasio na kazi, tena ameoa. Anamaliza kwa kusema kwamba tangazo linalomfaa ni la kula majani. Katika zoezi la toni, yaani hisia inayosikika katika maneno ya msemaji, niliandika kwamba shairi lina furaha, kwa kuwa limejaa vyakula, na neno "bloody" lililotangulia majani nikalieleza kuwa ni "yenye damu", kama kamusi yangu ndogo ilivyosema. Nilipata sifuri, na iliniuma sana.

Mwalimu alinieleza kwamba pale neno hilo halihusiani na damu, bali ni neno kali la mtu aliyechoshwa. "Soma tena," akasema, "kama mtu ambaye kwake leo hakujapikwa." Nikasoma kwa sauti, na mstari wa mwisho ukatoka na uchungu wake. Akaniagiza niliruke neno hilo moja na kusoma upya: tangazo lilibaki, hasira ikapotea.

Tangu siku hiyo zoezi langu likawa kuondoa neno, kuweka jirani yake, na kusikiliza kilichobadilika. "Slim" na "skinny" yote yanataja wembamba, lakini la kwanza ni sifa na la pili huchoma, kama vile mtu mwembamba asivyopenda kuitwa kimbaumbau. Hapo Kiswahili, nilichokidhania kizuizi, kilinibeba, maana sikio langu lilikwisha kujua umbali uliopo kati ya mzee na kizee, mtoto na kitoto. Ila sisi mara nyingi dharau tunaipachika kwenye ngeli, ilhali Kiingereza aghalabu hutaka utafute neno jingine kabisa. Nikachora jedwali lenye neno, maana ya kamusi, maana ya ziada, na mtu ambaye angeudhika akiitwa hivyo. Safu hiyo ya mwisho niliijaza kwa uangalifu kuliko zote.

Tulipoulizwa tena kuhusu shairi lile katika mtihani wa muhula, nilijibu kwamba toni yake ni ya uchungu na kejeli, nikataja ushahidi wa maneno mawili: "bloody", kwa hasira yake, na "wed", yaani ameoa, kwa kuwa linaongeza mdomo wa pili kwenye posho ile ile.