Siku moja maishani mwangu: kumwandaa Tanzeela Qambrani hewani

Saa 11 alfajiri. Nimeamka jina lake likiwa mdomoni. Mimi ni mtayarishaji wa vipindi katika redio ndogo hapa Tanga, na leo tunarekodi habari za Tanzeela Qambrani, mtu wa kwanza kutoka kwa Washeedi, Wapakistani wenye asili ya Afrika, kuingia Bunge la Mkoa wa Sindh, Pakistan. Nimeswali, nimekunywa chai na muhogo wa kuchemsha, huyo nikapanda bodaboda.

Saa 2 asubuhi. "Shikamoo, mama." Mhariri wetu ameitikia marahaba, kisha akauliza, "Yule Mtanzania wako wa Pakistan yuko tayari?" Hapo ndipo tunapovutana tangu Jumatatu. Kweli, mababu zake walitoka upande huu wetu, na dada yake mmoja aliolewa Tanzania. Nami nikiyasoma hayo moyo unanienda mbio. Lakini yeye ni mtu wa Badin, huko huko Sindh: baba wakili, mama mwalimu, masomo ya kompyuta Chuo Kikuu cha Sindh, kisha udiwani katika mji wa Matli. Alianza siasa kwao, kwa watu wa kwao. Tukimwita Mtanzania tunamnyang'anya kazi yake, na tunawasaidia wale wanaowaambia Washeedi kuwa ni wageni.

Saa 4. Naandika sehemu ya viti maalumu. Bunge la Sindh lina viti 168: vya majimbo 130, vya wanawake 29, na 9 vya wasio Waislamu. Vya wanawake hugawiwa vyama kwa kadiri ya majimbo viliyoshinda, na majina hutoka kwenye orodha ambayo kila chama kiliwasilisha mapema. Msikilizaji wetu hahitaji maelezo marefu, viti maalumu anavijua. Kazi ni kuwekwa juu kwenye orodha. Mwaka 2018 chama cha PPP cha Bilawal Bhutto Zardari kilimweka Tanzeela, akaapishwa Agosti.

Kuna wanaosema kiti cha namna hii ni cha kupewa. Sikubali hata kidogo. Washeedi wametawanyika Karachi, Hyderabad, Badin na kwingineko, kura zao zimegawanyika majimbo mengi. Angesubiri jimbo, angesubiri mpaka lini?

Saa 6 mchana. Studio. Kaka yetu fundi mitambo amenirudisha mara nne kwa neno moja: Qambrani. Hiyo "Q" inatoka kooni, na mimi naitoa kama "K" ya kabati. Siwezi kuiacha hivyo, maana jina lenyewe linamrudia Qambar, mtumwa aliyeachwa huru na Sayyidna Ali. Watu walioletwa kwa majahazi, majina yao ya awali yakapotea, wakajichagulia ukoo wa mtu huru. Mara ya tano umeme umekatika. Tumekaa gizani jasho likitutiririka, nami nalirudia jina kwa sauti ya chini.

Saa 8. Umeme umerudi. Nimesoma habari za Hoshu Sheedi, aliyeuawa mwaka 1843 karibu na Hyderabad akipigana na jeshi la Waingereza chini ya Charles Napier. Kauli yake wanasiasa wa Sindh huitumia hadi leo majukwaani: tutakufa, tutakufa, Sindh hatutaitoa. Nimepiga hesabu pembeni mwa karatasi. Kutoka kifo chake hadi kiapo cha Tanzeela ni miaka 175. Wimbo wa ushujaa wao ulikuwa kwenye kila kinywa, na kiti bungeni hawakuwa nacho! Hiyo sentensi nimeigonga kwa hasira, na nimeiacha kama ilivyo.

Saa 10. Mama mhariri amesikiliza kimya mpaka mwisho, akavua vipokea sauti. "Haya, mwanangu. Anza na Matli." Nilitaka kumkumbatia.

Saa 1 usiku. Kipindi kimeenda hewani. Simu ya kwanza imetoka kwa mzee wa Pangani, anauliza wale mababu walikuwa kabila gani. Nimemwambia walipouzwa, hakuna aliyeandika. Kimya. Kisha akasema, "Nitajie tena jina la huyo binti." Nikamtajia. Akalirudia taratibu, na "Q" yake imetoka kooni, sawasawa, mara moja tu.