Fedha ya kadi ya grafiki niliihamishia kwenye monita

Mwaka jana nilimpelekea mama mmoja wa Magomeni albamu ya harusi ya binti yake. Alivaa miwani, akafungua kurasa tatu za mwanzo bila kusema neno, kisha akaisogeza albamu karibu na dirisha na kuniuliza kwa upole, "Mwanangu, mbona picha zote zina giza?" Nilipotazama niliona kweli: shela la bibi harusi lilikuwa limeingia ukijivu, na nyuso za wazee waliokaa mbele zilikuwa zimezama hata macho hayaonekani vizuri. Nyumbani kwangu picha hizo hizo zilikuwa zinang'aa. Waliozisafisha hawakuwa na kosa. Monita yangu ndiyo iliyonidanganya, kwa kuwa nilikuwa nimeipandisha mwangaza hadi mwisho ili nione vizuri mchana, na kadiri kioo kilivyong'aa ndivyo nilivyozipunguzia picha mwanga wakati wa kuhariri. Albamu ile niliisafisha upya kwa fedha yangu.

Wakati huo nilikuwa nimeshaweka akiba ya kununua kadi kubwa ya grafiki, yaani kifaa cha ndani ya kompyuta kinachochora picha za kioo, na monita tatu, kwa imani kwamba shida yangu ilikuwa kasi. Baada ya siku ile niliipanga bajeti upya kuanzia kwenye kioo, na zaidi ya nusu ya fedha iliyokuwa ya kadi ikahamia huko.

Jambo la kwanza nililolichunguza ni aina ya paneli, yaani kioo chenyewe cha monita. Baadhi ya monita za ofisini zilizokwishatumika, zinazouzwa Kariakoo kwa bei nafuu, ni za TN, ambazo rangi na mwanga wake hubadilika mtu anapoinua au kuinamisha kichwa. Kipimo changu dukani kilikuwa rahisi: nilibeba kwenye flashi picha ya kijivu kitupu, nikaomba ifunguliwe ijaze kioo kizima, kisha nikasimama, nikachuchumaa, nikasogea kushoto na kulia. Kwenye monita ya TN, nilipochuchumaa, sehemu ya juu ilikaribia kuwa nyeusi. Kwenye ya IPS, aina nyingine ya paneli, kijivu kilibaki kilekile, isipokuwa moja ilikuwa na umanjano kwenye pembe ya chini, nikaikataa na kuomba nyingine. Muuzaji alivumilia, na ninamshukuru.

Niliamua kuchukua ya inchi 27 yenye pikseli (nukta za picha) 2560 kwa 1440, yaani takriban pikseli 109 kwa kila inchi. Monita za 4K (pikseli 3840 kwa 2160) za ukubwa huohuo hufika 163 na kwa kweli zinapendeza, lakini maandishi huwa madogo mpaka yakuzwe, na kadi hulazimika kuchora pikseli milioni 8.3 badala ya milioni 3.7. Kuhusu upana wa rangi, nilijiuliza picha zangu huishia wapi. Huishia kwenye albamu na kwenye simu, na maabara ninayoitumia hupokea faili za sRGB, kiwango cha rangi kilichobuniwa na HP na Microsoft mwaka 1996. Kwa hiyo monita inayoonyesha sRGB yote ilinitosha. Adobe RGB, kiwango kipana zaidi cha mwaka 1998, huongeza hasa rangi za kijani na samawati ya kijani, na anayechapisha mwenyewe kwa printa nzuri ya wino ana sababu ya kuilipia. Mimi sikuwa nayo.

Kilichobaki kwenye fungu hilo nilinunulia kolorimita, kile kifaa kidogo kinachoning'inizwa mbele ya kioo kikasoma rangi moja baada ya nyingine, kisha programu ikaandika wasifu wa rangi wa monita hiyo. Niliweka mwangaza kandela 100 kwa mita ya mraba, nyeupe ya kelvini 6500 (kipimo cha rangi ya nyeupe) na gama 2.2, inayoamua mwanga wa rangi za kati. Siku ya kwanza kioo kilionekana kama kimefifia, nikadhani nimekosea. Baada ya siku mbili macho yalizoea, na picha zilizotoka maabara zikafanana na nilizoziona.

Kabla ya kupima, nilikuwa nimetandaza picha moja kwenye monita zote mbili, ile mpya na ya zamani, picha ya shangazi wa bwana harusi akiwa amejifunga kanga. Upande mmoja kanga ilikuwa nyekundu ya nyanya, upande wa pili ilikaribia damu ya mzee. Kupima kulizisogeza karibu, lakini hakukuzifanya kuwa moja, na hata monita mbili za toleo moja huweza kutofautiana. Ndiyo maana rangi naziamulia kwenye kioo kimoja tu. Cha pili nakiachia orodha ya picha: katika Lightroom Classic ya Windows, programu ninayohariria picha, ninabonyeza F11, dirisha la pili linafunguka, na picha zote za ukumbini zinapangika pale huku moja ikibaki mbele yangu.

Sasa kadi. Kuonyesha picha zilizotulia kwenye monita mbili si kazi nzito kwa kadi yoyote ya miaka ya karibuni, na anayehariri picha hahitaji kadi ya mcheza gemu. Mambo mawili ndiyo ya kuangalia. La kwanza ni matundu ya kuchomekea kebo za monita, kwa sababu kadi ya zamani yenye HDMI 1.4 huonyesha 4K kwa hezi 30 tu, yaani picha 30 kwa sekunde, hata mshale wa mausi ukaonekana unaburuzwa, na tundu la zamani la VGA hufanya maandishi yawe na ukungu. La pili ni kumbukumbu ya kadi yenyewe, kwani kazi ya kuondoa chembechembe kwa akili mnemba, iliyoingia Lightroom mwaka 2023, hufanyika humo, nami hupiga picha nyingi makanisani na kumbini kwenye mwanga hafifu. Nilichagua kadi ya NVIDIA, RTX 3060 ya GB 12, yenye matundu matatu ya DisplayPort na moja la HDMI. Inakula wati 170, na watengenezaji hushauri pawa saplai ya wati 550. Niliweka pia draiva za Studio, toleo la NVIDIA kwa ajili ya programu za ubunifu kama za picha.

Fundi aliyeifunga alichomeka kebo ya monita ya pili kwenye ubao mama badala ya kwenye kadi. Kioo kiliwaka kama kawaida ingawa hakikupitia kwenye kadi, kwa hiyo ni kosa rahisi kupita bila kuonekana. Inama nyuma ya kompyuta uhakikishe mwenyewe.

Monita ya tatu sikuinunua. Matundu mawili ya kadi bado yako wazi, na mpaka sasa sijapata kazi iliyonidai niyajaze.